Majivu ya Stanislas

Kipande cha makaa kiliwaka hadi kikaisha, na kwenye kisahani cha bati pakabaki majivu mepesi kama unga uliopepetwa. Mwalimu Francine Nsimire alikirudisha kisahani kwenye mizani. Kikapanda juu, kikaning'inia.

"Madame, uzito imepotea," alisema Joviale, msichana wa dawati la mbele. "Na wewe ulituandikia kama hakuna kitu inapoteaka."

Ni kweli, aliandika. Ubaoni nyuma yake maneno yalikuwa bado meupe: maada na nishati havizuki wala havipotei, hubadilika tu.

"Inafuatana na mahali," alijibu Francine. "Hiyo sheria inashika kama mahali imefungwa. Hapa dirisha iko wazi. Moshi ilitoka na sehemu yake, joto nayo ikatoka. Tungefunga na kuunguza hii makala ndani ya chupa pamoja na hewa yake, mizani haingesogea."

"Sasa hii majivu, iko makala ile ile?"

Francine aliugeukia ubao, akashika chaki bila kuandika. Hakuna aliyeuliza sababu, kwa maana mtaa mzima wa Kadutu uliijua.

Mwezi wa saba moto ulishuka mlimani kutoka nyumba ya mbao hadi nyumba ya mbao, ukiwashinda mbio watu waliojazana katika vijia. Stanislas, mumewe, alikuwa amekwisha kutoka. Akarudi ndani kumbeba mzee jirani wa kiwanja hicho hicho, aliyepooza miguu. Mabati yalipopoa, hapakuwa na kitu ambacho mkono ungeweza kukigusa na kusema: huyu ndiye.

Mama yake Stanislas, Maman Chantal, alikuja kutoka Kavumu akitaka jambo moja tu: wazoe majivu pale kilipokuwa chumba cha jirani, padri ayaombee, yazikwe. Francine alikataa.

"Maman, ile iko majivu ya mbao na ya magodoro. Nizike mbao?"

Mama mkwe hakubishana. Tangu siku hiyo walipika kwenye jiko moja, wakala kila mmoja akiutazama ukuta wake. Francine alidhani anaulinda ukweli. Uchungu nao una kiburi chake. Hukataa kidogo kwa sababu ulinyimwa chote.

Baada ya masomo alimkuta mama mkwe kibarazani mwa nyumba waliyopanga, akimenya maharage.

"Maman, twende."

"Wapi?"

"Kwa parseli yetu."

Maman Chantal aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akatoka na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri, na Francine akatambua kwamba kilikuwa kimeisubiri safari hiyo tangu mwezi wa saba.

Kwenye parseli, kile kiwanja kilichoungua, majirani walikuwa wakipigilia mbao mpya, nyundo zikiitikiana mlima mzima. Wanawake hao wawili walipiga magoti. Mama mkwe alichota konzi moja, akaimimina kitengeni, kisha mkono wake ukasita.

"Francine, sema kweli. Iko yeye?"

"Iko kidogo yake, maman. Kidogo sana. Siwezi kuitenga na mbao."

"Na ingine?"

"Ilipanda na moshi. Haikupotea. Lakini sijui iko wapi."

Maman Chantal aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe amefika salama bila kutajiwa mji. Akachota tena. Safari hii Francine alitia mikono yake pia, wakachota pamoja, kucha zao zikiwa nyeusi.

Tone la kwanza la mvua liliangukia vumbi, likafuatwa na mengine. Nyundo zikanyamaza, watu wakakimbilia chini ya mabati. Francine alifunga kitenge haraka, akakibana kifuani, akanyoosha mkono kumwinua mama mkwe.

"Inuka, maman. Utalowa."

Maman Chantal hakuinuka. Alikuwa ameviinua viganja vyake wazi kuelekea kule moshi ulikopanda, akiiacha mvua ivijaze.

Francine akapiga magoti tena kando yake.