Sheria Iliyohitaji Mama

Wizarani walimwita Rasimu, maana miaka nenda miaka rudi hakukosa karatasi zilezile kwapani: rasimu ya sheria ya kukagua majengo ya shule. Mawaziri watatu walikwisha kuisifia. Mmoja aliisifia sana, kisha akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Wenzake walimtania kwamba atazikwa nayo. Rasimu alicheka nao, lakini moyoni ilimuuma.

Kisha ukuta wa shule moja ukaanguka mchana kweupe, ukaua watoto wanne. Mmoja alikuwa binti wa dada yake, yule aliyezoea kumpekua mjomba wake mifukoni akitafuta peremende.

Nchi ikachachamaa. Redioni hapakuwa na habari nyingine, na uchaguzi ulikuwa unabisha hodi. Waziri, ambaye juzijuzi tu hakuwa na nafasi hata ya salamu, alimwita Rasimu ofisini na kumpa pole ndefu.

"Sheria yako nitaipeleka bungeni wiki hii," alisema. "Lakini wabunge nawajua, takwimu zinawaletea usingizi. Nataka mama. Asimame nami mbele ya kamera, alie kidogo. Wazazi wengine wamekataa. Dada yako atakusikiliza wewe."

Rasimu alitamani kumrushia kiti. Lakini bila mama, rasimu ingerudi chini ya kikombe, na kuta mbovu alizijua zilipo.

"Nitamuuliza, mheshimiwa," alisema, akajichukia njia nzima.

Alimkuta dada yake jikoni, anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Dada alimsikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

"Hiyo sheria uliiandika lini, mdogo wangu?"

"Zamani kidogo, dada."

"Mwanangu alikuwa ameshaanza shule?"

"Bado."

"Kumbe ilikuwa tayari. Ilikuwa inamsubiri yeye tu."

Dada alijifuta mikono kwenye kanga.

"Nitakuja. Siji kwa ajili ya huyo waziri wako. Watoto wa wenzangu bado wanakaa chini ya kuta kama zile. Ila kulia, silii ng'o. Machozi yangu si mali ya serikali."

Siku ilipofika, waziri alikohoa, akaanza: "Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta." Wala hakusikia alichokisema, wala kumwona aliyesimama ubavuni pake. Kamera zikamsogelea dada karibu zimguse. Alisimama macho makavu, ngumi moja ameikunja.

Msaidizi wa waziri alimfinya Rasimu. "Mwambie basi ainamishe uso."

Rasimu alimwendea. Kabla hajafungua kinywa, dada alikunjua ngumi. Kiganjani mlikuwa na peremende, bado imo ndani ya karatasi yake.

"Ilikuwa mfukoni mwa sare yake ya shule," alimnong'oneza. "Ni yako."

Rasimu alilia. Mtu mzima na tai yake shingoni, alilia kwa sauti. Kamera zote zikamgeukia.

Sheria ilipita bila hata mmoja kuipinga. Ofisini walimpigapiga mgongoni wakimwita mjomba wa taifa, na waziri akampigia simu ya shukrani. Jioni alikwenda kwa dada yake, angalau akampe habari hiyo. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Imepita, dada."

"Nimesikia. Mimi niliwanyima machozi, wewe ukawapa." Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Rasimu. "Hebu niambie. Huko kabatini kwenu zimebaki ngapi za namna hiyo?"

Rasimu alizifikiria: ya visima vilivyoachwa wazi, ya mabasi ya shule, ya dawa bandia. Kumdanganya hakuweza.

"Tatu, dada."

"Basi wako mama watatu mahali fulani," alisema, "usiku huu bado watalala salama."

Akafunga mlango.