Njumu za Kupandia Pugu

Mimi miguu yangu naijua. Nimezaliwa Mbinga, kwetu kwenda kuchota maji ni mlima na kurudi ni mlima, kwa hiyo mtu asije akanifundisha mimi Evarista kukanyaga udongo.

Mwaka ule masika yalikuwa makali, na madukani kila kitu jibu lilikuwa "hakuna". Kiwanda chetu cha nguo pale Gerezani, Dar es Salaam, kikaamua kutupeleka wanawake kwenye mbio za nyika kule Pugu. Mshindi ndiye angeingia timu ya mkoa, mmoja tu. Nafasi ile niliitaka jamani! Nilishachoka kuitwa "yule wa kufagia pamba".

Kocha wetu, Ndugu Benjamini, akaagiza kila mmoja atafute raba. Mimi nikaenda Kariakoo kwa Mzee Salem.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibie. Raba imebaki jozi moja, na ni saizi yako. Ila haitoki peke yake."

Nikajua yaleyale. Siku hizo ukitaka kitu adimu, mwenye duka anakufungia na kile kilichomdodea. Jirani yangu alifuata sukari akarudi na mitego ya panya. Mimi nikafungiwa njumu za mpira wa miguu, ndogo, hakuna mwanamume aliyeweza kuzivaa.

"Mzee Salem, mimi nikacheze namba ngapi?"

"Yoyote, bibie. Ukiacha njumu, acha na raba."

Nikabeba vyote huku nimenuna.

Kesho yake, mvua ilipokatika, nikashuka bonde la Msimbazi kuijaribu raba. Nyayo zake laini kama sufuria. Kupanda kidogo tu, chali! Nikainuka, chali tena. Akina mama waliokuwa wanachuma mchicha walicheka mpaka wakashikana. Mimi nikicheka na watu sawa, lakini kuchekwa sitaki. Kwa hasira nikatoa zile njumu kwenye kapu, nikavaa. Meno yake ya chini yakauma udongo, nikapanda mpaka juu bila kushika hata jani. Wachuma mchicha wakanipigia vigelegele. Nikajua viatu vyangu ni vipi.

Siku ya mbio Pugu, nikatokea na bukta niliyoishona kwa gwanda kuukuu la mume wangu, na njumu miguuni. Ndugu Benjamini alipoziona akashika kichwa.

"Hizi ni mbio za nyika, Ndugu Evarista, si mechi! Vua, unatuaibisha."

"Pugu ni vilima, Ndugu. Huko mbele kuna mlima wa udongo."

"Mlima unatoka wapi? Nyika ni tambarare!"

Mtu wa Dodoma huyo, kwao nyika ni tambarare kweli. Neno lilimdanganya, naye akaling'ang'ania.

"Ukishindwa na hayo madude, sikupangi tena," akasema.

"Usinipange."

Mdomo ulisema hivyo, lakini nilikuwa naogopa. Nikikosea hapa, nimerudi kwenye ufagio moja kwa moja.

Tukaanzia kwenye barabara ya changarawe. Mama yangu! Kila hatua nilihisi misumari inapenya unyayoni. Anaeli, binti wa idara ya kusuka na raba yake nyeupe, alikuwa keshatutoka zamani. Mimi wa mwisho. Watu pembeni wanapiga kelele, "Mpeni mpira huyo!" Machozi yalinitoka, lakini sikusimama.

Ndipo njia ikaacha barabara, ikapinda kwenye mlima, udongo mwekundu umelowa chepechepe. Nikakuta wenzangu wanatambaa kama watoto. Mmoja anapanda, wawili wanaporomoka. Nikaanza kuwapita mmoja baada ya mwingine. Karibu na kilele nikamkuta Anaeli amekumbatia kichaka, raba haina weupe tena.

"Dada Evarista, unapitaje hapo?"

"Kwa meno, mdogo wangu!"

Nilifika wa kwanza, peke yangu, nyuma yangu hata kivuli hakuna. Kucha zilivuja damu na mimi nacheka. Ndugu Benjamini alinitazama miguu, akatazama ule mlima, akakohoa. Kisha akawageukia waandishi wa majina akasema kwa sauti kubwa, "Evarista wa kwetu!" Lo, siku hiyo nilijiona!

Jioni lori likatushusha Gerezani. Vidole vimevimba, kutembea ni shida.

"Sasa zivue, dada," Ndugu Benjamini akaniambia kwa upole. "Hapa ni lami, zitakuumiza."

"Hapa ndipo pa kuzivaa," nikamjibu.

Nikakata katikati ya Kariakoo, ko, ko, ko, kichwa juu. Wauza vitenge wakageuka, wapiga pasi wakaacha pasi zao. Kijana mmoja akaniziba njia, anacheka.

"We mama, njumu za nini? Timu gani hiyo?"

"Timu ya mkoa," nikamwambia. "Ndiyo hii inapita. Pisha."