Mita Sitini Kutoka Wapi

Asubuhi moja ya katikati ya Mei, Hafidha alisimama penye msingi wa nyumba ya Mwalimu Edmund, akasoma kwenye futikamba namba ambayo alikwisha kuisoma mara mbili. Mita arobaini na moja. Novemba iliyopita, mahali hapohapo, alikuwa amesoma sitini na tatu, akaiandika namba hiyo katika fomu, na kwa namba hiyo kibali cha ujenzi kikatolewa.

Alikuwa afisa mazingira, mzaliwa wa Lindi. Sheria anayoisimamia inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita sitini za ukingo wa ziwa, na maelekezo ya ofisi yake yalitaka mita hizo zihesabiwe kuanzia alama ya juu kabisa ya maji. Hakuwa amefanya haraka. Kwao, pwani ya bahari, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na anayepima ufukwe bila kuyangoja yajae amepima nusu ya jambo. Kwa hiyo siku ile ya Novemba alifika alfajiri, akasimika kijiti penye mchanga uliolowa, akakaa mpaka jioni akiandika kila saa maji yalipofika. Tofauti haikuzidi hatua mbili. Alipima kutoka kijiti cha juu, akarudi nyumbani amechoka na ameridhika, kwa kuwa hakumjua afisa mwingine aliyewahi kukipa kiwanja kimoja siku nzima.

Ziwa Nyasa halijai kwa saa. Hujaa kwa miezi, tena kwa miaka, na Novemba ni wakati ambapo limejivuta mbali.

Mwalimu Edmund alikuwa Mmatengo wa Mkumbi. Baada ya kustaafu aliuza shamba lake la kahawa na kununua kiwanja hiki, kwa sababu baridi ya milimani ilikuwa inamkaba kifua mkewe, Perpetua, na daktari alishauri wateremke penye joto. Alipanga vyumba sita: viwili vyao, vinne vya wageni. Kuta zilikwisha kufika magotini.

Alipomwona afisa ameinama, alidhani anastaajabia kazi yake, akamshika mkono kwenda kumwonyesha. Palipokuwa na dimbwi la matete, upande wa ziwani wa msingi, alikuwa amefukia kwa kifusi na kusawazisha. Kisha, asije akakiacha kifusi kiteremke ziwani, Machi alichimba ngolo juu yake, kama baba zake walivyochimba milimani: nyasi zilizofyekwa hupangwa miraba miraba, udongo hufunika nyasi, na katikati hubaki shimo la kukamata maji ili mteremko usiondoke na mvua.

"Mvua imekatika wiki mbili," alisema, "na bado yamejaa. Kwetu shimo la namna hii lingekwisha kukauka."

Hafidha alipiga magoti. Maji yalikuwa maangavu, hayana tope la mvua. Katika safu nzima ya chini yalisimama kimo kimoja, na alipoinua macho aliona ni kimo kilekile cha ziwa. Hayakutoka juu; yalipenya kutoka ziwani. Aliona pia, kwa uchungu, kwamba mzee huyu na yeye walikuwa wameisoma nchi ngeni kwa elimu ya kwao, kila mmoja kwa uangalifu mkubwa.

Alimweleza. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza kama ziwa haliwezi kurudi nyuma Novemba. Hafidha alijibu kwamba litarudi, na Mei nyingine litapanda, na hajui litapanda mpaka wapi.

Aliyejua alikuwa Marselina, jirani, ambaye hapo pembeni alikuwa akigeuza usipa, dagaa wa ziwa hilo, juu ya kichanja cha kukaushia. Hafidha alimwendea, akamwamkia, akamuuliza. Mama yule aliwaongoza kupanda mpaka karibu na miamba, akaonyesha mashimo manne ya nguzo yaliyoota majani. Mama yake alihamishia vichanja hapo, alisema, mwaka ambao yeye Marselina alikuwa na mimba ya Alex, kifungua mimba wake, ambaye sasa ana wajukuu.

"Na maji yaliishia hatua kumi chini ya hapa," alisema. Kisha akamgeukia mzee. "Mwalimu, hiyo sebule yako, usipa wangeingia bila hodi."

Mwalimu hakucheka. Walivuta futikamba kuanzia hatua zile kumi, na mita sitini zilipotimia walikuwa wamevuka miamba, kwenye kona ya juu ya kiwanja. Nafasi iliyobaki ingetosha vyumba viwili, kwa kubanana.

Waliporudi chini, Hafidha aliketi juu ya jiwe karibu na kichanja, fomu ya zuio la ujenzi mapajani. Alijua kwamba angeweza kuandika tena sitini na tatu. Faili lilikwisha kufungwa. Wa kulifungua alikuwa yeye peke yake. Kuta zingemalizika, Perpetua angeteremka, na pengine ingepita miaka mitano kabla maji hayajagusa mlango. Pengine miwili. Alimfikiria mgonjwa wa kifua akihamishwa juu ya kitanda, maji yakiwa sakafuni.

Aliandika kwamba ujenzi usimame, kifusi kiondolewe na dimbwi liachwe lirudi kuwa dimbwi. Penye sababu aliandika kuwa kipimo cha Novemba kilichukuliwa ziwa likiwa chini, na kwamba kosa hilo ni la afisa aliyepima, si la mwombaji. Akatia jina lake. Barua ya kumtaka ajieleze ingemfikia kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwalimu aliisoma fomu polepole, kidole kikifuata mistari, kama asahihishaye daftari.

"Mwanangu, hapa umeandika pungufu."

Hafidha aliamini mzee atadai fidia.

"Huyu mama aliniambia," mzee alisema. "Kabla sijaweka jiwe la kwanza alinionyesha yale mashimo. Nikamwambia mimi nina karatasi ya serikali. Liandike na hilo."

"Fomu haina nafasi ya hilo, Mwalimu."

"Nyuma ni peupe."

Marselina alikuwa amesimama nao. Aliinama kuokota samaki mmoja aliyeanguka kutoka kichanjani. Hafidha aliigeuza karatasi, akamuuliza mama yule jina lake kamili, akaanza kuandika.