Koki ya Kuinamia

Kitu cha kwanza msichana alichokiona ni sisimizi. Kila asubuhi walipanda kwa mstari juu ya bomba la chini ya sinki la bafuni, wakapita kwenye koki ya kufungia maji na kuingia kwenye ufa wa ukuta. Asubuhi ile walikuwa wamekata kona. Walifika karibu na koki, wakasita, kisha wakazunguka mbali kama watu wanaokwepa nyumba yenye mbwa mkali. Msichana akachuchumaa, akapeleka kidole chini ya koki. Kikarudi kimelowa.

Hakumwita mtu. Yeye na maneno walikuwa hawajazoeana. Shule aliiacha kabla ya kumaliza msingi, na muda wote aliokaa darasani hakuwahi kunyoosha mkono hata siku alizolijua jibu. Shemeji yake alimwita Redio.

"Redio, leo kuna taarifa gani?" alikuwa akimuuliza kila akirudi kutoka kazini, na msichana alitabasamu huku akitazama vidole vya miguu yake.

Siku ile taarifa ilikuwepo. Alimshika dada yake mkono, akampeleka bafuni, akamwonyesha.

Dada akainama kwa shida, maana tumbo lilikuwa limeshuka na siku zake za kujifungua zilikuwa karibu. Alipoliona tone linaning'inia chini ya nati, akajishika kiuno.

"Mungu wangu. Siyo tena."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Chini yao aliishi fundi wa kushona nguo, mtaa mzima ukimwita Mama Cherehani, na msimu uliopita maji ya bafu lao yaliteremka yakabomoa kipande cha dari yake. Mwenye nyumba alipanda ngazi mwenyewe siku hiyo, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akasema, "Tone moja tena likidondoka chini, mnahama. Sitaki barua, sitaki wazee wa kuwaombea." Naye alikuwa mtu wa kusema na kutenda.

Ubaya ni kwamba koki ile waliiua wenyewe. Bomba la juu ya sinki liligoma kufunga zamani, na shemeji badala ya kulibadilisha aliliacha wazi moja kwa moja, akaifanya koki ya chini ndiyo bomba. Ukitaka kunawa unainama, unafungua. Ukimaliza unainama tena, unafunga. "Kwangu hata mfalme atainama kwanza ndipo anawe," shemeji alipenda kujisifu. Basi koki iliyotengenezwa iguswe mara chache ikawa inanyongwa kutwa kucha, mpaka ikalegea kama jino la mzee.

"Tuite fundi bomba," msichana alinong'ona.

"Fundi atataka maji yafungwe kwanza," dada akamjibu. "Koki kuu iko wapi?"

Msichana alijua. Zamani ile ilikuwa nyumba moja, na ilipogawanywa koki kuu ilibaki chini, kwenye chumba cha Mama Cherehani, nyuma ya meza yake ya kukatia vitambaa. Huwezi kuifunga bila yeye kujua, na akijua yeye, mwenye nyumba amejua.

Shemeji akafunga koki kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akazungusha na kukaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Tone likapungua, halikuisha. Akaweka beseni chini. "Haba na haba hujaza kibaba," akasema, lakini hakucheka.

Dada akamkabidhi mdogo wake kazi. "Usitoke. Beseni likijaa, mwaga. Maji yakirukia sakafuni, futa. Na mdomo wako sina wasiwasi nao. Hii ni nyumba yangu, mdogo wangu. Nikitolewa hapa nitazalia wapi, ngazini?"

Wakaenda kazini, dada kwenye duka la vyombo, mumewe kwenye tanuri la mikate, na msichana akabaki na tone.

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Aliyesema hivyo hakuwa na tambara. Msichana aliyazoa, akayakamua, akayazoa tena, siku nzima na siku iliyofuata. Hata wakati wa kulala aliliweka sikio lake upande wa bafuni, na hilo halikuwa gumu, kwa kuwa mkeka wake ulikuwa koridoni, mlangoni pa bafu. Tone likawa matone. Matone yakawa uzi. Dada aliporudi jioni alichungulia tu, akauma mdomo, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi iliyofuata uzi ule ukanenepa. Msichana alimwaga beseni, na kabla hajalirudisha, sakafu ilikuwa imelowa. Akaona maji yanatafuta njia kwenye kiungo cha vigae, pale pale yalipopita msimu uliopita. Dada yuko mbali, shemeji yuko mbali zaidi.

Akatoa koleo la shemeji uvunguni mwa kitanda. Akawaza kama walivyozoea kuwaza wote nyumbani mle: koki ndiyo bomba, ukiifunga maji yamekwisha. Akakizungusha kishikio chake mpaka mwisho, akafungua mpira, akatazama. Nati zilikuwa mbili, ndogo juu na kubwa chini yake. Akadhani ndani kuna kipira kilichochakaa cha kubadilisha. Akaikamata ile kubwa kwa koleo, akavuta. Ikagoma. Akavuta kwa mikono miwili, mguu umekanyaga ukuta.

Hakukumbuka kwamba kinachozuia maji ndicho hicho anachokifungua. Alikuwa anakata tawi alilolikalia.

Kichwa cha koki kiliruka kikagonga mlango. Maji yakampiga usoni kama kofi la mtu mzima. Akapeleka kiganja, yakachomoka katikati ya vidole. Akaweka kidole gumba, yakarudi kupitia kando, yakaingia shingoni, kwapani, kila mahali. Akafungua kinywa apige ukelele, na sauti haikuja. Ilikwama pale pale ilipokuwa ikikwama siku zote, chini kidogo ya koo. Ikatoka pumzi tu.

Alikaa hivyo, amelikumbatia bomba, akilia bila kusikika. Akiachia, nyumba inazama. Asipoachia, inazama vilevile, polepole. Mwishowe akavua kitambaa cha kichwa, akakisokomeza kwenye tundu kwa nguvu zake zote, akafunga juu kwa mpira. Maji yakapungua kidogo, yakaendelea kububujika kama yanayomcheka. Akakimbia chini, nguo zimemgandama mwilini.

Njiani aliyapanga maneno: Mama, naomba ufunge koki kuu, tafadhali. Maneno machache tu. Pengine Mama Cherehani angemhurumia. Ni mwanamke, ameshazaa, angelielewa lile tumbo la dada.

Akasukuma mlango.

Juu ya kigoda, katikati ya chumba, alisimama mwenye nyumba. Alikuwa peku, suruali mpya imemvuka visigino, na Mama Cherehani amepiga magoti miguuni pake, pini zimejaa mdomoni, anapima pindo.

"Haa, Redio!" mwenye nyumba akachangamka. Hata yeye alilijua lile jina. "Leo umekuja na taarifa? Au umetoka kuoga ukasahau kuvua nguo?"

"Mwache mwali," Mama Cherehani akasema katikati ya pini. "Utamwogofya. Mwanangu, mbona umelowa hivyo?"

Maneno aliyoyapanga yakayeyuka. Msichana akatazama juu. Juu ya kigoda, dari ilikuwa imebadilika rangi. Haikudondosha hata tone. Ilikuwa imevimba tu, duara, kama shavu la mwenye jino bovu, na duara lilikuwa linapanuka mbele ya macho yake.

Angeweza kurudi juu. Wazo hilo lilimpitia akilini, wala halikupita haraka. Tone lilikuwa bado halijadondoka. Pindo linapimwa kwa muda mfupi, mwenye nyumba angeshuka, angevaa viatu na kwenda zake. Lakini Mama Cherehani hakuwa wa kwenda popote. Kichwa chake kilikuwa pale pale chini ya uvimbe, kimeinamia visigino vya mwanamume, na mvi mbili zimetokeza kwenye ukingo wa kilemba.

"Tokeni," msichana akasema.

"Unasemaje?" mwenye nyumba akauliza.

"Tokeni hapo!" Sauti ilikuwa kubwa, ya kukwaruza, hata yeye aligeuka kidogo kuona ni nani aliyesema. "Dari inaanguka! Ni maji yetu. Koki yetu imevunjika, inavuja tangu juzi. Tokeni!"

Akamvuta Mama Cherehani kwa mkono, pini zikamwagika. Mwenye nyumba alitazama juu, akaruka bila kuuliza, akajikwaa kwenye suruali yake ndefu akaangukia lundo la vitambaa. Dari ikaachia. Ubao, chokaa na maji ya ndoo nyingi vilishuka kwa pamoja, na kile kigoda kikavunjika mguu.

Msichana alikuwa ameshajipenyeza nyuma ya meza. Akaipapasa koki kuu, akaifunga mpaka mwisho.

Mwenye nyumba alijifuta chokaa kwenye nyusi. Alikitazama kigoda muda mrefu.

"Umeniokoa, binti," akasema. "Sitalisahau." Kisha akavaa viatu vyake, taratibu, kimoja kimoja. "Lakini nilishasema. Mwambie dada yako mwisho wa mwezi."

"Baba, dada yake anakaribia kujifungua," Mama Cherehani akaingilia.

"Nimeona. Ndiyo maana nimesema mwisho wa mwezi, sikusema leo."

Dada alipofika aliikuta habari mtaani kabla ya kuikuta nyumbani. Alipanda ngazi akipumzika kila hatua, akamkuta mdogo wake amepiga magoti bafuni, anakamua tambara.

"Kumbe mdomo unao," akasema. Hakupaza sauti. "Miaka yote nakuomba uongee, hata kuwasalimu wageni, unaninyima. Leo ndiyo umeuona? Mbele ya yule?"

"Dari ingemuua Mama Cherehani, dada."

"Najua!" Dada akaegemea ukuta, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. "Nimeambiwa. Najua. Lakini mimi niende wapi? Umenitoa kwangu, mimi na mtoto wangu. Wewe huna hasara. Wewe utaukunja mkeka wako tu."

Msichana akaliweka tambara chini. Akatazama koridoni, mahali pa mkeka, kisha akainua uso na kumtazama dada yake machoni.

"Na mimi hapa palikuwa kwangu, dada," akasema.