Nati Bila Bolti

Darasa zima la ufundi liliwaita Nati na Bolti, maana ukimwona mmoja, ujue mwenzake hayuko mbali. Wasichana hao walifanya kazi meza moja ya karakana tangu kidato cha kwanza, wakiazimana bisibisi na kugombania koleo kama ndugu wa tumbo moja. Kisha, majuma machache kabla ya mashindano ya mashine za kunyanyua mizigo, Bolti akahamia kundi la meza ya dirishani, lenye mota mpya na kompyuta. Hakuaga. Alichukua tu kikombe chake cha chai.

Nati akabaki na winchi ya mbao, mashine ya kuvuta mzigo juu kwa kamba, waliyoianza wawili. Mwalimu alitaka kumtafutia mwenzi, akakataa katakata. Mdomoni alisema atashinda peke yake. Moyoni alitaka Bolti aone, atamani kurudi.

Karakana ilikuwa na sheria moja isiyo na mzaha: hakuna kugusa swichi kabla ya kuuliza "Tayari?" na mwenzako kujibu "Washa." Mwalimu aliirudia mpaka ikawaingia damuni, kwa sababu vidole, alisema, haviuzwi dukani.

Siku ya mashindano ukumbi ulifurika watu na kelele. Mwamuzi alipobonyeza saa, Nati alikagua kamba, akashika swichi.

"Tayari?" akauliza.

Mkono ukagoma. Alijua fika hakuna wa kumjibu, ila mkono haukujua. Watu wakaanza kucheka chini chini. Meza ya pili, Bolti aliinua uso, akafungua mdomo. Halafu akawatazama wenzake wapya, akainama kukaza skrubu ambayo wala haikuwa imelegea.

Nati akawasha. Winchi ikanyanyua tofali bila kutikisika, lakini muda ulishakwenda. Akawa wa nne, na zawadi zilikuwa tatu.

Ukumbi ulipokwisha watu, alikuwa akiifungua winchi vipande vipande. Bolti akaja, mikono nyuma.

"Imenyanyua vizuri," alisema. "Hongera."

"Asante. Ulinisikia nilipouliza?"

Nati aliomba moyoni adanganywe. Kwa kelele zile, Bolti angesema tu hakusikia, na yangeisha.

"Nilikusikia," Bolti akasema.

"Haya," Nati akajibu, akaendelea kufungua mbao.