Kijiti Kinachovuta Kushoto

Mshambuliaji wa msusi aliuacha mpira katikati ya uwanja, akajiendea zake kushoto taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko likiwaka. Msusi hakuwa hata amegusa kijiti cha kontrola, kile cha kumwongozea mchezaji kwenye kompyuta. Wifi yake, dada wa mumewe, akauokota mpira ule wa bure na kufunga.

"Mchezaji wako ana mgeni nyumbani?" wifi aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Si mimi. Ni hii kontrola."

"Haya. Asiyejua kucheza husingizia uwanja."

Neno lile lilimkera. Wifi alikuwa dereva wa lori, yuko likizo, na tangu afike alikuwa akimfunga anavyotaka. Kufungwa na wifi, msusi alikuwa amekubali. Kufungwa na kijiti, hapana. Akasimamisha mchezo.

"Hatuinuki hapa mpaka nijue kina nini."

Akachomoa waya, akauchomeka tundu jingine la kompyuta. Mchezaji akaenda kushoto. Akajaribu waya mwingine. Kushoto. Akazima kompyuta na kuiwasha upya, wifi akapata nafasi ya kutia chai. Kushoto vilevile.

"Nipe yako kidogo," msusi akasema.

Kwa kontrola ya wifi, mchezaji alisimama tuli. Basi mchezo hauna kosa, wala kompyuta. Ugonjwa uko kwenye kontrola iliyo mkononi mwake.

Akafungua mipangilio, mahali kompyuta inapoonyesha kijiti kama nukta ndani ya mraba. Nukta ilikuwa imeegemea kushoto, inatetemeka. Akafuata maelekezo: zungusha kijiti hadi mwisho, achia, thibitisha. Nukta ikarudi katikati. Wakacheza, lakini kipindi cha kwanza hakijaisha, mshambuliaji akaanza tena safari yake.

"Wifi, tununue nyingine, yaishe," dereva akasema, sasa kwa upole.

"Bado sijashindwa. Nimulikie."

Akachomoa kontrola, akalowesha pamba kwa spiriti kidogo, akakilaza kijiti upande mmoja na kusugua shinani, kisha upande wa pili. Pamba ikatoka nyeusi. Wifi akasogeza tochi ya simu karibu.

"Hizi chembe ni za nini?"

"Za kaka yako. Hula huku anacheza."

Wifi akacheka mpaka mwanga ukayumba.

Walisubiri kikauke vizuri. Nukta ilikuwa karibu na katikati sasa, ila ilibaki na ulegevu kidogo, kama mlango wenye bawaba kuukuu. Msusi akaingia kwenye mipangilio ya mchezo wenyewe, pale unapouambia upuuze mtikisiko mdogo wa kijiti, akaongeza kidogo. Mchezaji akajikokota. Akaongeza tena kidogo. Mchezaji akasimama, akatulia, akangoja amri.

Msusi alijua kijiti kimechakaa na ipo siku kitakataa kabisa. Siku hiyo haikuwa leo.

"Kaa vizuri," akamwambia wifi.

Wakaanza mchezo upya. Msusi alifunga la kwanza, wifi akasawazisha, na dakika za mwisho, chai imepoa pembeni, wifi akapenya na kufunga la pili. Akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

"Umenitoa jasho, wifi."

"Hilo umenifunga mimi mwenyewe," msusi akasema, kidole tayari kwenye kijiti. "Anzisha jingine."