Saa ya Madereva Barafuni

Watu wa kwetu nikiwaambia Jeddah kuna uwanja wa barafu, hucheka. Jua lile, barafu itoke wapi? Lakini upo, ndani ya jumba la baridi ya kukuvalisha koti mchana wa Julai, na mimi ndiye ninayegawa viatu vyake, vile vyenye chuma chembamba chini kama kisu. Asubuhi barafu ni ya timu kubwa ya mpira wa magongo, wale wanaolipwa. Jioni ni ya watu wa mtaa: wanawake wana siku yao, watoto yao, na Ijumaa baada ya alasiri ni saa ya madereva.

Saa hiyo aliiomba Wafula, kijana wa Bungoma, dereva wa nyumba moja ya watu wenye nafasi. Jioni za vijana wa klabu alimleta Yazid, mtoto wa bosi wake, kufundishwa. Yazid akiingia ndani, yeye hubaki garini amelala mdomo wazi kwa joto. Siku moja nikamgongea kioo. "Mwanangu, ingia upate baridi. Hatozwi mtu kwa kukaa." Akaingia, akaona magongo, akasimama kama aliyekutana na ndugu yake. Kumbe shuleni kwao aliucheza mchezo huo kwenye nyasi, tena alikuwa nahodha. Akamwendea kocha wa klabu mwenyewe, akamwomba saa moja ya madereva.

Leo ni timu nzima, madereva na walinzi na mafundi wa mitaa ya Al-Mahjar na Bani Malik. Wengi wao ni Wakristo wa bara, na mimi Mwislamu wa Msambweni ndiye mama yao. Marehemu mume wangu hakuniachia mtoto wa kiume. Mungu akaona anipe hawa, na kelele zao.

Sasa ikaja habari kwamba shule moja ya kulipia inaitaka saa ile. Ofisi kuu ya uwanja iko Riyadh, na kutoka huko akatumwa mama mmoja, Ustadha Hanan, aje aone kwa macho yake. Alisema wazi mbele ya kaunta yangu, "Nikiona timu, saa ni yao. Nikiona watu wanashika ukuta wasianguke, naipa shule."

Kocha akapanga wacheze na vijana wa klabu. Yazid alikuwa mmoja wao, na baba yake akaja kutazama, akakaa juu kabisa na kahawa yake.

Kipa wetu ni Wambua, mlinzi wa ghala. Nikimfunga mikanda ya miguuni akaniambia, "Mama, mimi nalinda geti linalopitisha malori. Haka kageti ka leo hata mbuzi hapiti."

"Usijisifu, baba. Mbuzi hana gongo."

Wakaanza vizuri, mashallah. Titus, fundi wa mabomba, akafunga mapema, nami nikapiga vigelegele hadi Ustadha akageuka. Kisha Yazid akaja na kile kidude cheusi cha mpira, mbio, na mbele yake yuko Wafula peke yake. Wafula akasogea pembeni. Kichwa akainamisha kidogo, mkono wa kushoto akaunyoosha, karibu bosi. Yazid akapita, akafunga. Mara ya pili ikawa vilevile.

Wambua akavua kofia ya kipa. "Wafula! Wewe umekuja kucheza ama umekuja kumfungulia mtoto mlango wa gari?"

Wenzake wakacheka, lakini kile kicheko kilikuwa kikavu. Nikamtazama Ustadha. Alikuwa anaangalia simu yake.

Wakati wa mapumziko Wafula akaja kwangu na kamba ya kiatu imelegea. Nikapiga goti nimkazie.

"Unamwachia," nikamwambia.

"Mama, baba yake yuko pale juu. Nikimwangusha mtoto, kesho nani atanipa ufunguo? Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, iko mkononi mwake."

Ikama si mchezo, na si mimi ambaye ningepanda ndege kurudi nyumbani mikono mitupu. Nikavuta kamba, nikafikiri.

"Riziki anatoa Mungu," nikasema, "lakini sitakudanganya kwamba mabosi hawakasiriki. Ila nimemtazama yule kijana. Alipofunga, wenzake walimkumbatia, yeye akapiga barafu kwa gongo. Anajua amepewa. Wewe unadhani unamheshimu, mwanangu, naye anaona aibu. Na hawa wenzako je? Wao nani atawapa Ijumaa yao?"

Akainuka akaenda.

Yazid akaja tena, kasi ileile, na safari hii Wafula hakusogea. Akapiga gongo lake chini, akakichomoa kile kidude kama mtu anavyotoa mwiba, na bega likagusana na bega. Yazid akaanguka, akateleza hadi ukutani. Pwaa!

Kule juu baba yake akasimama.

Wafula naye akasimama. Njia iko wazi mbele yake, hakuna mtu, lakini amegeuka anataka kwenda kumwinua mtoto. Wambua anapiga kelele, "Enda! Enda!" Mimi nimeshika kaunta, ulimi wenyewe unasoma aya ya Kurani bila kuambiwa.

Ndipo Yazid, bado amekaa barafuni, akapiga ukelele, "Yalla, Wafula! Cheza!" Tena alikuwa anacheka.

Wafula akaenda. Jamani, alivyoenda! Mtu niliyemwona akilala garini mdomo wazi alikuwa anapita juu ya barafu kama aliyezaliwa nayo, akamlaghai kipa, akafunga.

Tangu hapo ukawa mchezo kweli. Yazid alimkaba Wafula, Wafula akamkaba Yazid, wakasukumana na kutaniana kwa Kiarabu cha jikoni. Mwisho tulishindwa kwa goli moja, nalo Wambua mpaka leo anasema halikuwa goli.

Bosi akashuka hadi kwenye kaunta yangu. Wafula akavua kofia haraka, jasho linamtiririka.

"Wafula, umejifunza wapi?"

"Shuleni kwetu, bosi. Nilikuwa nahodha."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza, bosi."

Yule bwana akamgeukia Ustadha Hanan. "Ijumaa ijayo wanacheza tena?"

"Saa ni yao," akasema Ustadha, na simu ilikuwa imeshaingia mkobani. "Shule nitaitafutia siku nyingine."

"Basi Yazid nitamleta mimi. Huyu aje na wenzake."

Wafula akaitikia, "Sawa, bosi," kwa sauti ndogo. Lakini alisimama wima, mabega nyuma, na mimi nikajifanya nahesabu viatu.